Saa Iliyosimama kwenye Tisa

Mwenye ovaroli ya buluu alipoona kitambulisho hakungoja salamu. Alitimua mbio.

Renata Gaskins hakumpigia kelele. Alimfuata kupitia safu za magari ya wafanyakazi, kimya, miguu ikigonga lami iliyokwisha kuchemka ingawa ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Mbali, nyuma ya migongo yao, roketi ilisimama nyeupe ikipumua mvuke. Watu wawili walikuwa wamefungwa mikanda kileleni mwake.

Jamaa alikata kushoto. Renata akakata kushoto.

Jamaa akajaribu kuruka boneti ya Ford. Hakuwa na umbo la kuruka boneti.

Renata alimbwaga kifudifudi, goti mgongoni, Glock shingoni. "Mikono."

"Afande, usiniue! Ni vitambaa tu!"

Kutoka ndani ya ovaroli vilimwagika vitambaa vyekundu visivyopungua sitini, kila kimoja kimeandikwa ONDOA KABLA YA KURUKA. Ni vile vinavyofungwa kwenye pini za roketi ili fundi asisahau kuzichomoa.

"Unakimbilia kifo kwa ajili ya hivi?"

"Watalii wanavigombania, afande. Pini nilizirudisha zote, naapa kwa mama yangu!"

Renata alirudisha bastola kiunoni akavuta pumzi ndefu. Dakika ishirini za kumnyatia mtu, na kumbe ni mchuuzi.

Kifaa sikioni mwake kikakwaruza.

"Jikoni kwa Mwiko."

"Mwiko hapa."

"Vipi huyo?"

"Mwizi wa kuku. Endelea."

"Basi maharage bado yanaungua. Rudi haraka."

Huko Cape, rasi ya kurushia roketi, chombo kikiondoka salama, chumba cha urushaji hupakuliwa maharage na mkate wa mahindi kutoka masufuria makubwa. Ni mila ya zamani. Ndiyo maana Idara ya usalama iliita safari ya leo maharage, bosi akawa Jikoni na Renata akawa Mwiko. Maharage kuungua kulikuwa na maana moja: kuna mtu anataka roketi isifike.

* * *

Ndani ya gari la mawasiliano watu wawili walikuwa wakigombana, mmoja kwa mdomo na mwingine kwa simu.

Wa mdomo alikuwa Brody Pruitt, mkuu wa ulinzi wa Larkmoor, kampuni binafsi yenye roketi. Miaka thelathini na minne, meno meupe, miwani ya Oakley juu ya kofia. Wa kwenye simu alikuwa Mzee Abernathy, bosi wa Renata, mtu wa serikali toka kitovuni.

"Mmehesabu vibaya!" Pruitt alisema. "Ninyi serikali kila siku mnapoteza kalamu!"

"Kalamu hailipui roketi, kijana."

Kilichopotea kilikuwa ufunguo. Ulikuwa kipande cha chuma cha ukubwa wa kidole gumba, chenye tarakimu za siku hiyo moja. Kila roketi hubeba baruti zake yenyewe, ili ikikengeuka kuelekea mjini iharibiwe kabla haijaua watu chini. Mwenye tarakimu, akiwa na mtambo wa kuzirusha hewani, anaweza kuiamuru ijilipue. Asubuhi hiyo funguo za akiba zilipaswa kuwa mbili drooni. Ulikutwa mmoja.

Zamani droo ile ililindwa na serikali. Mwaka jana kazi ilikabidhiwa Larkmoor ili mambo yaende kasi.

Hapo ndipo ulipokuwa ugomvi wote wa pwani ile. Serikali ilisema haraka haraka haina baraka. Kampuni ikajibu ngojangoja huumiza matumbo. Kesho yake Bunge lilikuwa linapiga kura: watu wapelekwe angani na roketi za kampuni kama hii, au warudi kwenye roketi ya serikali, ile iliyochelewa miaka sita. Na vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Kunguru alikuwa na jina. Corwin Strake, mpambe wa kampuni kongwe iliyokuwa ikiijengea serikali ile roketi ya kuchelewa. Idara ilikuwa imeisikiliza simu yake miezi minne, ikajua amejipatia mtambo wa kurushia tarakimu. Asubuhi hiyo saa tatu na nusu aliingiziwa ujumbe kutoka simu isiyojulikana. Dakika kumi baadaye akatoka hotelini kwake Cocoa Beach, akawapotea waliomfuata.

Pruitt aligonga skrini kwa kidole. "Nimeufumbua mimi mwenyewe, mama. Soma."

T KASORO TISA. KWENYE MIKONO. NITAKUWA NA KARANGA.

"T ni dakika moto unapowaka," Pruitt alisema. "Leo ni saa sita na dakika kumi na mbili. Kasoro tisa, ni saa sita na dakika tatu. Mikono ni ule mkono wa mnara, daraja walilopita warukaji, wanaanga wetu, kuingia chomboni. Karanga ni baruti. Nina watu arobaini kwenye geti la barabara ya mnara. Tuna saa nzima."

"Simamisha urushaji," Renata alimwambia Abernathy.

"Nikisimamisha sasa, Strake ameshinda bila kubonyeza kitu. Kesho atasimama bungeni aseme kampuni binafsi imeshindwa hata kuwasha. Na ufunguo utabaki mikononi mwao. Nakupa mpaka saa sita na dakika tano. Hujaupata, nasimamisha. Siwarushi watu wawili juu ya hilo."

"Nimepokea."

Renata aliusoma ujumbe tena. Kitu kilimkuna.

Aliitazama saa ya Casio mkononi. Ilikuwa ya baba yake, Clyde Gaskins, fundi wa mnara enzi za vyombo vyenye mabawa, aliyezikwa miaka mitatu iliyopita. Nyumbani kwao Titusville, mji wa ng'ambo ya mto, Clyde alihesabu kila kitu kama roketi. Mama akiuliza chakula tayari, baba hujibu kutoka kwenye jiko la mkaa uani, "T kasoro tisa, na saa imesimama!" Watoto walijua maana yake. Hakuna nyama kwa dakika arobaini na tano. Nenda kanawe, nenda chooni, gombana na dada yako, rudi.

Saa imesimama.

Damu ikamwenda mbio.

Saa ya zamani ya serikali haikushuka moja kwa moja. Ilikuwa na vituo. Ikifika dakika tisa ilisimamishwa makusudi, robo tatu ya saa nzima, watu waulizane na wahakikishe, ndipo iendelee. Saa ya Larkmoor haikuwa na kituo hata kimoja. Ilishuka kama maji ya bomba.

"Nani leo bado anasema T kasoro tisa kama vile ni mahali pa kukutania?" Renata aliuliza.

"Kila mtu," Pruitt alisema.

"Wazee tu. Kwa saa ya wazee, tisa inaanza dakika hamsini na nne kabla ya moto. Yaani saa tano na dakika kumi na nane." Alitazama Casio. Saa tano na dakika nane. "Huyu mtu anakaa kitako baada ya dakika kumi. Na wala si mnarani."

"Mikono, mama! Mkono wa mnara!"

"Wewe umezaliwa wapi, Pruitt?"

"Denver."

"Basi. Mwenyeji wa Titusville ukimwambia mikono, anajua ni bustani ya mtoni, penye viganja vya warukaji vilivyochapwa kwenye shaba. Na karanga ni karanga. Za kuchemsha. Huu si msimbo, ni mzee anamwelekeza mtu mahali."

Pruitt alicheka. Aliweka Oakley machoni akaenda kuungana na watu wake arobaini.

"Jikoni, umesikia?"

"Nimesikia. Nikutumie polisi?"

"Asije hata mmoja. Strake akiona sare, anayeyuka na mtambo wake, tutabaki tunapigwa jua."

* * *

Gari la Renata, Bronco, lilivuka daraja kwa kasi ya kilomita mia na arobaini.

Halafu Florida yote ikamsimama mbele. Barabara ya kwanza kando ya mto ilikuwa imeziba: magari ya kulala, viti vya kukunja, mabokisi ya barafu, mabibi wenye redio, watu wamepaki hadi juu ya nyasi za kanisa. Alipanda ukingo wa barabara, akaponea chupuchupu kugonga meza ya ndimu, akasimama. Kilomita mbili zilibaki.

Bibi mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa ameegemea baiskeli yenye kikapu.

"Samahani, bibi. Serikali inaazima."

"Serikali!" bibi alifoka. "Serikali iliwahi kurudisha nini?"

"Hii itarudi."

"Na kengele yake usiivunje!"

Saa tano na dakika thelathini na sita Renata aliingia bustanini akisukuma baiskeli, jasho likimtiririka, miwani machoni kama mtalii yeyote. Mto ulikuwa mpana, umetulia. Ng'ambo, kama kijiti cha kiberiti cheupe, ilikuwa roketi.

Penye viganja vya shaba kulikuwa na benchi moja. Juu yake mzee mmoja, kofia ya buluu iliyopauka, mfuko wa karatasi uliolowa magotini.

Renata alimtambua.

Wendell Tillis. Anko Dell. Rafiki wa baba yake kwa miaka thelathini. Aliyemfundisha kuendesha gari kwenye uwanja wa kanisa. Aliyelibeba jeneza la Clyde upande wa kichwa.

Alitamani kugeuza baiskeli. Hakugeuza.

"Anko Dell."

"Nata! Mwanangu!" Mzee alimsogezea nafasi. "Kaa, kaa. Karanga? Bado za moto."

Renata alikaa. Alichukua moja, akaimenya, maji ya chumvi yakamchuruzika kidoleni.

"Unamsubiri nani, Anko?"

"Nasubiri roketi, kama wenzangu."

"Umefika saa ngapi?"

"T kasoro tisa," mzee alijibu bila kufikiri.

Mkono wake uliokuwa mfukoni mwa karanga ukatulia humo.

"Nimekuja kuchukua ufunguo," Renata alisema taratibu.

Mzee Dell hakukana. Alinyoosha mgongo, na uso wake ukapata fahari ambayo Renata hakuiona tangu siku walipompunguza kazi.

"Asubuhi hii Larkmoor wameniita niwafundishe vijana kazi. Wamenipa beji ya mgeni. Nikafungua droo, nikachukua, nikawaaga, na mmoja akanifungulia mlango! Enzi zetu droo ile ilikuwa na watu wawili, kila mmoja na kitasa chake, na hawakuruhusiwa hata kula meza moja. Baba yako angelia."

"Unampa Strake."

"Anaupeleka bungeni kesho. Anauweka mezani mbele ya kamera. Waone ni watu gani wamewakabidhi roho za watu. Basi! Sijachukua hata senti."

"Anko, Strake ana mtambo wa kuzirusha tarakimu zake hewani. Hauweki mezani. Anautumia leo."

"Nani kakwambia?"

"Serikali."

Mzee alicheka bila furaha. "Serikali. Nimeitumikia miaka thelathini na miwili. Siku ya mwisho wakanipa keki. Keki, Nata! Yenye chombo cha sukari juu. Nikaibeba hadi nyumbani magotini, kwenye gari, nalia kama mtoto. Wakati huo huo hawa wavulana wa miwani wanapewa uwanja wetu, mnara wetu, kila kitu. Usiniambie serikali imesema."

"Uko wapi ufunguo?"

"Nimeuficha. Nifunge pingu sasa hivi, hutauona mpaka kiama."

Renata alimjua. Mtu huyu aliwahi kugoma kula siku mbili kwa sababu ya nati moja isiyokazwa. Kumtisha kungekuwa kupigia mbuzi gitaa.

"Sawa," alisema. "Tusigombane. Akija, muulize swali moja tu. Muulize ni lini."

"Lini nini?"

"Lini anautaka."

* * *

Saa sita kasoro dakika kumi. Hakuna mtu.

Saa sita kamili. Hakuna mtu.

"Jikoni kwa Mwiko. Nipe neno."

"Bado," Renata alinong'ona. Alikuwa amesogea hatua sita, amewapa mgongo, anajifanya kurekebisha mnyororo wa baiskeli.

"Kidole kiko kwenye kitufe, Mwiko. Dakika tano."

"Nimesikia."

Watu walisimama kwenye viti. Mtu alianza wimbo wa taifa, akasahau maneno katikati, wakamsaidia. Mzee Dell alitazama saa yake, akatikisa kichwa. "Kachelewa sana huyu. Lakini si neno, saa imesimama."

"Anko, ya kwao haisimami."

"Upuuzi. Kila saa inasimama kwenye tisa. Hapo ndipo unapomuuliza kila mtu, uko tayari? Usipouliza, huruki."

Kipaza sauti cha bustani kikakohoa.

"T kasoro dakika tisa. Tunaendelea kuhesabu."

Mzee Dell aliinua uso. Alisubiri hesabu isimame.

"Dakika nane na sekunde hamsini."

"Hawasimami?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nata, mbona hawasimami?"

Wakati huo huo mtu alitokea kati ya viti vya kukunja akiburuta bokisi kubwa la barafu la magurudumu. Lilikuwa la kijivu. Kutoka chini ya kifuniko chake ulichungulia waya mwembamba uliosimama wima. Suti ya kitani, taulo begani, amelowa jasho. Corwin Strake.

"Mzee Tillis. Nipe."

"Umechelewa dakika arobaini na tano."

"Uliniambia tisa! Hii ni tisa!"

"Hii siyo..." Mzee alisita. Aliitazama roketi, akamtazama Strake, akalitazama bokisi. "Unautaka lini?"

"Sasa! Wataruka baada ya dakika nane, unaelewa? Nipe!"

"Bunge linakaa kesho."

"Mzee, usinipotezee wakati."

"Kanali Boudreaux yuko juu pale," Dell alisema. "Ines. Safari yake ya kwanza nilimfunga mikanda mimi, kwa mikono hii. Alinibusu upara."

Strake alitelezesha taulo kidogo. Mdomo wa bastola ya SIG ukachungulia.

"Nitahesabu mpaka tatu."

"Usihesabu," mzee alisema. "Hujui kuhesabu."

Akamrushia mfuko mzima usoni.

Maji ya chumvi yalimwingia Strake machoni. Akapiga ukelele. Karanga zilitawanyika, na kati yake kikadondoka kitu kidogo kilichofungwa nailoni, kikagonga shaba, kikaviringika, kikatulia ndani ya alama ya kiganja cha mrukaji aliyekufa zamani.

Strake alikirukia.

Baiskeli ilimfikia kwanza, magotini.

Renata alifuata nyuma yake. Alimdaka kifundo cha mkono, akakizungusha upande ambao Mungu hakuuwekea bawaba. SIG ikaanguka nyasini. Kiwiko kimoja kooni. Strake alilala chali juu ya shaba, mdomo wazi, hewa hakuna. Renata akalipiga bokisi teke, kifuniko kikafunguka, mtambo ukatokeza taa zake za kijani. Aling'oa waya wa antena kwa mkono, kisha betri. Taa zikazimika.

"Jamani, kila mara watu wanagombania nafasi!" mama mmoja alilalamika kwenye kiti chake. "Si mje mapema kama wenzenu!"

Pingu zililia kli-kli. Renata aliokota ufunguo, akaufunika ndani ya ngumi.

Saa sita na dakika nne. Sekunde hamsini na moja.

"Mwiko kwa Jikoni. Maharage yameiva."

Kifaa kilikwaruza tu.

"Jikoni! Maharage yameiva. Ufunguo ninao mkononi. Usisimamishe!"

"Rudia, Mwiko. Unao au unauona?"

"Nimeushika. Una chumvi."

Sauti ya pumzi ndefu. "Nimepokea. Tunaacha iende."

* * *

Kwanza ilikuja nuru, bila sauti. Jua la pili lilichomoza ng'ambo ya mto, na uso wa maji ukawa wa dhahabu. Kijiti cha kiberiti kilijiinua polepole, kikakaa juu ya moto wake, kikapanda. Watu elfu kadhaa walinyamaza wakingoja sauti ivuke mto. Ilipofika, ilifika kifuani kabla ya masikioni.

Mzee Dell alikuwa amesimama, kofia mkononi, upara wazi. Machozi yalimshuka bila aibu.

"Nenda, binti," alisema. "Nenda. Nenda. Nenda."

Alisema hivyo mpaka moshi ulipoanza kupindwa na upepo. Kisha akamgeukia Renata na kunyoosha mikono yote miwili mbele, pamoja, kama mtu anayepokea zawadi.

Renata alimfunga pingu. Hakuna kazi aliyowahi kuifanya iliyomwuma kama ile. Alimfunga kwa ulegevu ili mdomo wa pingu usiguse mfupa.

Strake walimchukua vijana wa Idara kwa gari lisilo na maandishi. Baiskeli alirudishiwa mwenyewe. Bibi aliikagua kengele, akailiza mara mbili, akasema ajabu haziishi duniani.

* * *

Saa nane mchana ukumbi wa urushaji ulinukia vitunguu na nyama ya moshi. Kampuni ilikuwa imeagiza piza. Akina mama wa serikali waliziweka piza nje, mlangoni, wakapakua maharage.

Pruitt alikuwa kwenye foleni, miwani mfukoni.

"Mama," alisema. "Kuhusu ile mikono..."

"Kula, Pruitt."

"Na ile droo. Kuanzia leo nataka watu wawili. Vitasa viwili."

"Na wasile meza moja," Renata alisema.

Abernathy alimpa mkono kwa nguvu. Chombo kilikuwa kimeshaingia njiani, warukaji wote wawili wazima, Kanali Boudreaux ameomba kahawa. "Kaa ule na sisi, Gaskins. Hii ni yako."

"Nipe mabakuli mawili."

Bosi alimtazama. Alijua nani alikuwa ndani ya Bronco. Alijua pia kwamba kutoka pale hadi kwa hakimu ilikuwa kilomita themanini na miaka isiyojulikana.

"Sijaona kitu," alisema, akarudi kwenye foleni.

Nje, chini ya kivuli cha jengo, Bronco ilikuwa imefunguliwa madirisha. Mzee Dell alikaa kiti cha nyuma akiutazama mnara mtupu.

"Walikula?" aliuliza.

"Wanakula."

"Vitunguu wameweka vingi?"

"Jionee mwenyewe."

Renata alifungua pingu mkono mmoja, akampa bakuli, kijiko na kipande cha mkate wa mahindi. Mzee alilishika bakuli bila kula.

"Sina haki nayo, Nata. Ningewaua."

"Ungewaua. Na utalijibu hilo kwa hakimu, sitakuficha." Aliketi kando yake, mlango wazi, miguu nje. "Ila ulimrushia karanga. Hilo nalo nitalisema."

Alivua Casio ya baba yake, akaiweka katikati yao juu ya kiti. Tarakimu zilikuwa zikikimbia. Akabonyeza kitufe cha pembeni.

Zikasimama.

"T kasoro tisa," Renata alisema. "Kula, Anko. Saa imesimama."

Walikula. Mzee alifuta bakuli kwa mkate hadi likang'aa, kama alivyokuwa akifanya mezani kwa Clyde. Alipomaliza aliweka kijiko ndani, akaufuta mdomo, akaunyoosha mkono ulio huru.

"Uko tayari?" Renata aliuliza.

"Niko tayari."

Pingu ikafunga. Renata alivaa Casio, akabonyeza kitufe, akazunguka kwenda kiti cha dereva. Alivaa miwani, akawasha gari, akatokomea barabara ya magharibi bila kugeuka nyuma.